Eti Nome ni Jirani

Jumatano jioni, mwezi wa nne, 2015. Highview, Louisville, Marekani.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mimi nimechukizwa. Neno lingine la adabu sina.

Jumapili ijayo Neema wetu anabatizwa. Baba yake yuko Alaska, kwenye kiwanda cha samaki Dutch Harbor, kisiwa cha mawe na ukungu. Msimu unaisha, kapewa wiki moja ya kupumzika, aje nyumbani. Hajawahi kumbeba mtoto huyu. Alimwacha tumboni.

Sasa jana binamu wa mume wangu, Evariste, anayefanya usafi hotelini Nome, huko huko Alaska, kafiwa na mama yake kule kambi ya wakimbizi, Kigoma. Nimelia. Yule mama alinisuka nywele nikiwa mdogo. Na kwetu aliyefiwa haachwi alale peke yake. Hilo sibishani nalo.

Ninabishana na simu ya leo. Shemeji yangu Désiré, wa Columbus, katuunganisha yeye, mama mkwe aliyeko Buffalo, na mimi nikiwa nanyonyesha.

"Mama Neema, Dutch Harbor na Nome ni majirani. Nimeangalia mtandaoni, ndege saa mbili tu. Mumeo akakae na ndugu yake. Ubatizo unasogezwa, msiba hausogezwi."

Mama mkwe akaguna kukubali. Mume wangu hakuulizwa, alikuwa zamu.

Majirani! Anasema mtu ambaye kaskazini kwake inaishia Buffalo.

Nikaufungua huo mtandao wake. Unachora mstari kutoka kiwanja hadi kiwanja, unapiga hesabu ya mwendo wa ndege, basi. Kama ndege yenyewe ipo, haujali. Nikaandika Kigoma na Dutch Harbor, ukanipa masaa bila aibu! Ndege ya moja kwa moja kutoka Dutch Harbor kwenda Nome hakuna. Lazima kwanza mume wangu arudi Anchorage, mji mkubwa wa Alaska, asubiri, apande nyingine. Na ukungu ukishuka kisiwani haruki mtu. Wiki yake yote ingeishia kwenye mabenchi ya viwanja vya ndege.

Nikawapigia tena. "Shemeji, mtandao wako unasema hata Columbus hadi Nome ni saa sita na kitu. Nenda wewe."

"Mimi nina kazi!"

"Na mwenzio huko anacheza bao?"

Mama mkwe akasema wanawake wa Marekani hatuna undugu. Mimi, niliyekulia kambi moja na wanawe! Nikakata simu.

Nikaenda kuosha chupa za mtoto, na hapo ndipo nikaona. Mume wangu na Evariste, popote waendako, lazima washukie Anchorage. Basi wakutane pale, waje wote hapa. Evariste alale sebuleni, tutakaa naye sisi.

Matanga na ubatizo chini ya paa moja. Mama mkwe atasema namwitia mtoto mkosi.

Aseme.

Mume wangu katoka zamu, nikamweleza, kajibu neno moja: sawa. Nikampigia Evariste. Alilia kwanza. Kisha akauliza, "Shemeji, mtu mwenye msiba anaruhusiwa kuimba kanisani?"

Nikamwambia aimbe.

Désiré ataambiwa kesho. Hataulizwa.