Mkanda wa Shunpei Sishoni

Mjukuu wangu Shunpei,

Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Figili za mwaka huu ni nene kama paja la mcheza mieleka, na kamba ya kuzianikia sina.

Juzi mama yako kaniletea kitambaa cheupe na uzi mwekundu. "Mama, wewe ulizaliwa mwaka wa chui milia. Mshonee Shunpei mkanda wa tumboni." Chui milia huenda mbali akarudi kwake, ndiyo maana wanawake wa mwaka wangu waliwashonea askari waliokwenda vitani mikanda hiyo, ili warudi.

Nikamuuliza, "Kwani anakwenda wapi?"

"Haendi popote! Jeshi la Japani ni la kujihami tu. Katiba imekataa vita, umesahau?"

"Sijasahau. Na hayo makombora mapya anayofundishwa huko jeshini, yanafika wapi?"

Akatazama chini. "Ng'ambo ya bahari. Lakini ni ya kujihami, mama."

Nikacheka mpaka meno ya bandia yakalegea.

Shunpei, nilipokuwa mtoto nilimshonea baba yangu mkanda kama huo. Naye aliambiwa anailinda nchi. Aliilindia Burma, na huko huko akabaki.

Kama unalinda nyumbani, mkanda wa kukurudisha ni wa nini? Na kama kuna safari, wakubwa wako waitangaze mchana, mbele ya hiyo katiba, nami nisikie. Mimi sishoni.

Ule uzi mwekundu nimefungia figili. Zinaning'inia barazani, kila apitaye anaziona.

Bibi yako asiyetishika,
Fusae