Mwanga wa Chini

Kwako mama, mwaitu wangu mpendwa, hapo Tawa,

Habari za huko? Goti lako linaendeleaje, na mvua imekubali kunyesha ama bado inawachezea? Mimi niko mzima hapa Muscat. Leo nina neno la shukrani ambalo nikilisema kwa simu nitalia, kwa hivyo nimeona niandike.

Unajua kazi yangu ni kumtunza mama mzee wa Madam. Ana mtoto wa jicho kama susu, nyanya yetu, Mungu amrehemu. Nyumba hii taa zake zinaamrishwa kwa simu. Madam anazipenda sana: nyeupe kali siku za kazi, zambarau wageni wakija, nyingine zinabadilika rangi zikifuata muziki. Anasema nyumba lazima iwe na raha. Lakini mama mzee aliacha kula chakula cha jioni. Alikuwa anasukuma bakuli na kujifunika uso kwa ushungi. Madam akalaumu upishi wangu. Nilijaribu supu, uji, hata maboga, wapi! Mwishowe akasema mama asipokula kufikia Alhamisi, ananirudisha kwa ajenti aliyenileta. Nilijifungia chooni nikalia.

Alhamisi yenyewe nikamtazama vizuri. Kumbe hakuwa anaficha mdomo, alikuwa anaficha macho. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukiteremsha utambi susu akitaka kula, na kuiweka taa sakafuni nyuma ya kiti, sisi tukinung'unika kwamba hatuoni mawe kwenye mahindi ya muthokoi.

Nikachukua ile simu ya taa bila ruhusa. Nikazima zote za dari, nikaacha moja ya pembeni, nikaipunguza mpaka ikawa na rangi ya makaa. Mama mzee akateremsha ushungi. Akatazama bakuli. Akala, tena akaomba mkate.

Madam akaingia akatukuta kwenye kagiza hako. Nikajua nimekwisha. Akasimama mlangoni akimtazama mama yake akitafuna, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mama yangu."

"Ni daktari?"

"Hapana, Madam. Analima ndengu."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Siku hizi taa za jioni ni zangu, na ajenti hatajwi tena. Asante, mwaitu. Kazi hii umeniokolea wewe.

Msalimie ndugu yangu Mutua, umwambie aache kuwachelewesha mbuzi zizini. Salamu pia kwa shangazi Kalekye na cherehani yake, na kwa mama jirani anayekuchotea maji.

Kuna siku wageni wa kanisa walikuja kwetu, nikasema mbele yao kwamba unabania mafuta ya taa. Wote walicheka. Wewe uliendelea tu kumlisha susu. Sikuwahi kukuomba msamaha, mwaitu. Nakuomba leo.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende