Kahawa Ina Wenyewe

Sista,

Tulikupoteza Alhamisi, siku iliyofuata Jumatano ya Majivu, asubuhi, wasichana wakiwa kwenye masifu. Na Jumapili iliyopita, kahawa mpya ikiwa ndiyo kwanza imeanza kuanikwa, tukapoteza mstari wa vipaji, ule wa wasichana wanaopeleka matoleo altareni. La kwanza nimemwachia Mungu. La pili siliachi.

Nakuandikia kwa sababu nimetumwa. Mkuu mpya wa shule amesema mbele ya walimu na wazazi kwamba wewe mwenyewe, kabla hujafa, ulikubali mstari ule uvunjwe. Nikamwambia siamini. Akacheka. "Mama Neema, kama huamini kamuulize mwenyewe. Ukiniletea jibu lake kabla ya mazoezi ya kwaya Jumamosi, nitaurudisha." Watu wakacheka naye. Unanijua, Sista. Mtu akinipa sharti mbele ya mashahidi, nalichukua kama lilivyo. Basi nimekuja kuuliza.

Ila ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, usije ukasema Estha siku hizi anaingia bila hodi.

Kaburi lako nyuma ya kikanisa wanalipalilia kwa zamu za mabweni, na bweni la vidato vya kwanza ndilo linalopalilia vibaya, kama kawaida yao; wanang'oa maua wanaacha magugu. Buti zako za mpira, zile ulizovaa chini ya vazi la kitawa hata siku za wageni, bado ziko mlangoni pa stoo. Hakuna aliyethubutu kuzihamisha. Mpishi anasema panya kazalia ndani ya ile ya kulia, na hata huyo panya hawajamfukuza. Lori langu linapanda na usipa, wale dagaa wetu, kutoka ziwani, linashuka na maharage na mahindi. Nimeajiri dereva wa pili. Unakumbuka nilivyoanza? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesimama pale Kitai na beseni moja la usipa, nawakimbilia abiria madirishani. Ukashuka kwenye basi, ukanunua wote, ukaniambia, "Sasa beseni tupu. Kesho lete mawili." Basi likaondoka likakuacha. Nikataka kulia kwa aibu, wewe ukakaa juu ya jiwe ukaanza kusali rozari kana kwamba ndicho kilichokushusha.

Neema, mtoto wa marehemu dada yangu, yuko kidato cha pili. Anaimba sauti ya pili. Ni Mwanglikana kama mimi, kama bibi yake, kama kijiji chetu kizima kule karibu na Liuli. Na ndiye aliyenyang'anywa kikapu.

Lakini siwezi kuifikia Jumapili hiyo bila kupita kwenye kichanja. Wewe kisa hiki unakijua kuliko mimi. Nakiandika kwa ajili ya mwingine atakayesikiliza.

Nilikuwa kidato cha kwanza, nina miezi michache tu tangu nipande milima ya Umatengo, baridi inanitoa machozi. Ukaniita: "Estha, ile kahawa kaianike kwenye kichanja. Ni ya vipaji." Kwetu ziwani kichanja ni kimoja tu duniani: jukwaa la miti na wavu la kukaushia samaki. Nikatazama, nikakiona nyuma ya jiko, ndiko mpishi alikokuwa akianika usipa wa shule. Nikasema, kumbe hata huku wapo watu wenye akili. Nikawasogeza usipa upande mmoja, nikamwaga kahawa upande wa pili, nikawa naenda kuigeuza kila mapumziko kwa bidii. Vichanja vya kahawa, vile virefu vilivyopangwa mtelemkoni, nilikuwa nimeviona. Nilidhani ni vitanda vya kuanikia magodoro.

Ilipokauka ikatolewa altareni, nyingine ikakaangwa, ikatwangwa, Padre akamiminiwa kikombe baada ya misa. Akanywa funda moja. Akakitazama kikombe. Akanywa tena, ili kuitendea haki. Kisha akakuuliza kwa upole, "Sista, hii kahawa imebatizwa ziwani?"

Ulicheka mpaka ukashika meza. Mimi sikucheka. Wasichana wa Kimatengo walinipa jina juma zima: Supu ya Kahawa. Benadeta ndiye aliyeongoza. Alikuwa akinipisha mlangoni ameziba pua, na kikundi chake nyuma yake kimeziba pua.

Hukumwadhibu. Ulimpa Benadeta kikapu cha usipa wakavu, ukamwambia Jumapili ijayo yeye ndiye atakayewabeba. Binti wa mkulima wa kahawa, samaki kwao ni kitu cha kununua sokoni. Akawanusa, akaona wanamnukia Mungu vibaya. Ijumaa akawaosha kwa maji mengi, akawaloweka, akawafunika kwa kitambaa safi. Jumapili kikapu kilipofika katikati ya kikanisa, mbwa wa mlinzi aliingia kwa mlango mkubwa na kumfuata mpaka altareni.

Jioni ukatuweka sote wawili mbele ya bweni. Nakumbuka maneno yako neno kwa neno. "Sasa mmefanana. Cha kwenu unakijua, unaweza kumpa Mungu huku umesinzia. Cha mwenzako lazima uulize. Kuanzia leo, katika shule hii, hakuna kubeba cha kwenu."

Ndivyo mstari ulivyozaliwa. Wa ziwani tukabeba kahawa na mahindi. Wa milimani wakabeba usipa na muhogo. Na kabla ya kubeba lazima uandae mwenyewe, na kabla ya kuandaa lazima umwendee mwenye nacho umuulize: hii hukaushwaje, hugeuzwa lini, huiva ikiwa na rangi gani. Benadeta alinifundisha kuchagua punje kwa kuzibonyeza. Mimi nilimfundisha kwamba usipa mkavu na maji ni maadui. Tulianza kwa kuulizana kwa sababu ya vipaji, tukaishia kuulizana mengine. Mimi sikupokea komunyo hata siku moja katika kikanisa kile na hukunisukuma nipokee. Lakini nilikuwa na mahali pangu pa kutembea, kutoka mlangoni mpaka altareni, na nilikuwa na kitu mikononi.

Sasa Jumapili.

Nilikuwa nimeleta samaki Jumamosi, nikalala kwa Benadeta mjini Mbinga, asubuhi nikaja misani. Wasichana walikuwa wamejipanga mlangoni, Neema mbele na kikapu cha kahawa, nyuma yake Editha, Mmatengo, na kikapu cha usipa. Ngoma zikaanza. Mkuu akatoka kwenye benchi lake, akashika mpini wa kikapu cha Neema. Hakuwa mkali, lazima niseme kweli. Alisema kwa sauti ya mtu anayepanga viti: "Kahawa ina wenyewe, binti. Siku ya mtakatifu somo wa shule tunapata wageni wakubwa, lazima tuzoee utaratibu. Watatangulia Wakatoliki, kila mmoja na cha kwao."

Neema akaachia. Alinitazama mimi, Sista. Nilikuwa benchi la nyuma na sikuwa na la kufanya.

Ndipo Editha akasema, wala hakupaza sauti, "Basi mwalimu, na hawa samaki wana wenyewe." Akakiweka kikapu chini, pale kizingitini. Aliyekuwa nyuma yake akaweka mahindi. Wa nyuma yake akaweka muhogo. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza, ikaimba wa pili, ikarudia wa kwanza, na hakuna aliyekuja. Mkuu amebaki na kikapu cha kahawa mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Padre akangoja. Mwishowe akaendelea na mkate na divai tu.

Baada ya misa ndipo tukaambiwa kwamba ni wewe uliyekubali. Kwamba alikuja hospitalini, akakuuliza, ukaitikia kwa kichwa.

Nami nilikuwepo siku zile, nimekaa upande wa pili wa kitanda. Nitasema nilichokiona. Nilikuuliza kama uji una chumvi, ukaitikia. Nikakuuliza kama hauna, ukaitikia. Nikakuuliza kama mimi ni Benadeta, ukaitikia, na ukatabasamu juu yake. Mimi naishi kwa mizani. Mizani inayosoma uzito uleule gunia likiwepo na lisipokuwepo, haiuzii wala hainunulii mtu. Kwa hiyo kichwa chako cha siku zile sikipokei kama ushahidi, si wake wala si wangu.

Lakini nisikufiche, nina ugomvi na wewe pia. Huyu bwana alikuja shuleni sisi tumeshaondoka. Amekuta mstari unatembea, hajui ulitoka wapi. Ulimwachia funguo za stoo, za kikanisa, za kisima. Kisa cha kichanja hukumwachia. Mtu akiikuta sheria bila kisa chake, kwake ni mazoea tu, na mazoea yanafagiwa wageni wakija. Uliona wazi kwamba unaondoka. Ulikuwa na muda wa kumwambia. Kwa nini hukumwambia, Sista? Ulidhani inajieleza? Kwa mtu wa milimani kichanja nacho kilikuwa kinajieleza.

Siku mbili nilikaa na wazo la kusimamisha samaki. Ningeweza. Katika kila wasichana watatu wa shule hii mmoja ametoka ziwani, na karibu chakula chote chenye ladha kinapanda na lori langu. Nikapiga hesabu upande wa pili: Editha naye angekula ugali mtupu, na Editha ndiye aliyeweka kikapu chini. Nikaliacha.

Nimeamua hivi. Jumamosi wazazi na wasichana watakuwepo kwa ajili ya mazoezi. Kabla hayajaanza nitakuja kaburini kwako na nitaisoma barua hii kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na Supu ya Kahawa, pamoja na mbwa. Benadeta atakuwepo, amesema atakuja ameziba pua. Na Mkuu nimemwalika. Nilimwambia, "Ulinituma nikaulize. Haiwezekani jibu lije wewe hupo." Safari hii hakucheka. Alisema, "Tutaangalia, Mama Neema." Unajua ulivyolichukia neno hilo.

Na nikumbushe sheria yako nyingine, maana ataihitaji. Ulituambia msichana akiulizwa akanyamaza, tusimwandikie ndiyo. Kimya si ndiyo. Ni mtu ambaye hajajibu, na asiyejibu hawezi kuvunjiwa kitu chake. Kwa hiyo ukinyamaza, nitamkabidhi Mkuu kimya chako kama kilivyo, mbele ya mashahidi walewale, na yeye aniambie amekisoma vipi.

Pumzika sasa. Nakuaga kwa mara ya pili, ya kwanza nililia sana nikasahau kusema kitu. Ahadi yangu ni hii: likizo Editha anashuka nami ziwani, atalala kwa mama yangu, atajifunza usipa mpaka mikono inuke. Neema anabaki kwa Benadeta kuchuma kahawa. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Mstari ukitembea ndani ya kikanisa, vizuri. Ukizuiwa, utatembea nje, kutoka kichanja mpaka kichanja, na kaburi lako liko katikati.

Lakini ningependa utembee ndani.

Basi nijibu. Usiniitikie kwa kichwa. Ulikubali mstari uvunjwe, au hukukubali? Neno moja tu, Jumamosi, kabla ya kengele ya saa kumi. Nitakuwa nimesimama upande wa vichanja.

Binti yako wa ziwani,
Estha