Daraja Moja na Nusu

Baba mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia. Leo nakuandikia kwa sababu kesho asubuhi naenda hospitali kuchukua majibu ya kinyama walichokata kwenye titi langu la kushoto, na ninaogopa.

Nakukumbuka pale Kitaya, shambani kwa kina Mama, msimu wa korosho. Mwalimu wa hesabu kutoka Iringa, umekaa mkekani, mashemeji wanakucheka unavyochambua korosho polepole kama unasahihisha mitihani. Ndipo uliponifundisha aina za data, kabla sijajua kama ni somo. Shamba ilikotoka korosho, ulisema, ni jina tu. Jina la shamba la bibi halizidi la mjomba. Daraja la ubora lina mpangilio: la kwanza linalipita la pili. Kilo ndizo za kujumlisha na kugawanya. Mimi nikajumlisha daraja la kwanza na la pili, nikagawa kwa mbili, nikakuletea jibu kwa maringo: daraja moja na nusu.

"Haya, nenda chama cha msingi cha ushirika ukaiuze hiyo," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha somo hilo, chuoni hapa Mtwara mjini. Lakini wiki iliyopita, kwenye benchi la hospitali, nilisahau yote. Mama mmoja aliniambia saratani yake iko hatua ya kwanza, mwenzake akasema ya tatu. Nikajikuta napiga wastani. Nikaanza kumwomba Mungu anipe ya pili, utadhani naye anagawa kwa mbili. Kisha nikajiuliza. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni umbali gani? Na kutoka ya tatu hadi ya nne je? Hakuna mizani ya kuupima, na wewe ndiye uliyenikataza kujidanganya kwamba ipo.

Na kabla ya hatua kuna jibu lenyewe: ni saratani, au siyo. Ni majina mawili tu, Baba, na wewe ulisema majina hayazidiani. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Moja la hayo naliombea, jingine nalikimbia.

Wanafunzi wangu hawajui. Nawatania wanaodai namba ya simu ni kipimo: "Utatafuta wastani wake umpigie nani?" Tunacheka wote. Nikirudi nyumbani najigusa tena, uvimbe uko palepale.

Leo baada ya ibada nimemwambia Mama. Alikuwa uani kwangu anaosha ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha. Nilishajiandaa kwa maswali yote: uvimbe mkubwa kiasi gani, hatua ya ngapi, watu hupona wangapi. Aliposikia alifuta mikono kwenye kanga yake.

"Tunaondoka saa ngapi?"

Pumzika, Baba. Bado ninaogopa, ila kesho tutakuwa wawili.

Binti yako