Wakwe Wamekuja na Baiskeli

Jumapili, 13 Julai 2025

Wamefika! Basi la saa nane, na si mikono mitupu — maboksi matatu, kila moja kubwa kama kabati. Rugerero nzima ilitoka kutazama. Béata, mke wangu, akamnong'oneza Saidati wa dukani kwamba labda ni friji. Mpaka tunafika nyumbani, mtaani friji zilikuwa mbili na televisheni moja.

Tumefungua sebuleni. Baiskeli. Tatu! Na wala si mpya, zina mikwaruzo.

Ngoja nitulie, niandike kwa utaratibu. Hawa ni Yves na Odile, wazazi wa Bastien, Mfaransa atakayemwoa Keza wetu. Keza na Bastien wanatua Ijumaa. Jumamosi ndiyo gusaba — wakwe wanakuja kumwomba binti mbele ya ukoo mzima. Mwezi mzima nimetamba kwamba mkwe wangu Yves ni daktari huko kwao. (Sikusema wa mifugo.) Na sasa baiskeli! Hapa baiskeli inabeba viazi, kabichi, na abiria aliyekosa pikipiki. Mtu mwenye pensheni hapandi.

Yves ameeleza. Kwao, kila kiangazi, wanafuata mto fulani, kijiji hadi kijiji, polepole, wanasikia maji na kengele ya kanisa tu. Wameuona mto wetu, Sebeya, kwenye ramani. Wanataka siku tatu za bondeni, pamoja nami, tufahamiane kabla ya sherehe. Baiskeli ya tatu ni zawadi yangu.

Mkwe hakataliwi. Nimecheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Jumatatu, 14 Julai

Mazoezi nyuma ya nyumba. Mara ya mwisho nilipanda Kigoma, mwaka 1984, nilipokuwa nasoma kwa mjomba. Yves anasema mtu hasahau. Mtu anasahau! Nimeangukia maharage ya Béata.

Odile kanipa kaptura ya safari. Nyeusi, inabana, na matakoni imeshonewa godoro. Mimi, niliyekuwa natia sahihi hati za ardhi za watu wote hawa! Nimeivaa ndani ya suruali ya suti. Béata ametoka nje kucheka, angalau ana adabu.

Jioni kaja jirani Nkusi kufanya mazoezi ya hotuba. Yeye ndiye atakayesema kwa niaba yetu Jumamosi. Maneno anayo, hata mengi mno. Lakini watu watauliza, na watakuwa na haki: kaka mkubwa yuko hai, kwa nini anasema jirani?

Kaka mkubwa ni Mugabo. Hatujasemezana miaka miwili. Kosa ni langu — naliandika hapa, kwingine sitalisema. Yeye alikulia Masisi, Kongo, na ng'ombe, mimi nikaenda shule. Alinipa ng'ombe, Gaju, mtamba mwekundu. Kwetu ng'ombe wa kupewa si mali, ni undugu wenye miguu minne. Kisha nikastaafu. Karamu, watu mia na ishirini, nyama haitoshi, na Gaju yuko pale uani, mnene... Mugabo alifika amechelewa. Akala mishikaki mitatu. Akasifu, nyama laini kweli! Akafuta mdomo, akauliza, "Na Gaju iko wapi, nimusalimie?"

Mimi nilikuwa nimeshika sahani.

Béata alimpigia simu mwezi uliopita kumwalika. Jibu: "Gaju akinialika, nitakuya."

Jumanne, 15 Julai

Tumeondoka saa mbili. Mto ulikuwa pale, sikatai. Ukimya ndio sikuuona! Watoto mia wanakimbia nyuma, "Muzungu! Muzungu!" — kisha wananiona mimi, "Na muzee naye!" Kila mlima mdogo nilikuwa nasukuma. Wanyonzi, wale wa baiskeli za kukodi, wamebeba magunia ya viazi na wananipita wanapiga kengele.

Karibu na Nyundo mama mmoja mwenye kikapu cha kabichi kamsimamisha Odile. "Munyonzi! Nipeleke Mahoko." Kabla hatujamwelewesha, ameshakaa kwenye keria. Odile kampeleka kilomita mbili nzima, machozi ya furaha yanamtoka, anasema kwao haijawahi kumtokea. Sina shaka.

Mbele kidogo mtu niliyewahi kumpimia shamba. Kaniangalia kuanzia casque kichwani hadi soksi. "Ee patron! Pension ilikatala?" Nimemwambia ni michezo. Kanipa pole.

Tumerudi nyuma kulala Nyundo. Chakula kwa katekista Damascène, mtu mwema, ameongea na wakwe Kifaransa mpaka wakasinzia. Makalio yangu hayana kauli. Godoro lile ni uongo mtupu.

Jumatano, 16 Julai

Siku mbaya. Niiandike yote.

Tangu asubuhi Yves anasimama kwa kila ng'ombe. Anatazama meno, kwato, kiwele, anapapasa, anaguna. Nikadhani ni mazoea ya kazi. Kumbe anachagua! Amesoma kwamba mahari yetu ni ng'ombe. Nikamweleza taratibu kwamba siku hizi watu wanaweka kitu kwenye bahasha, ng'ombe anatajwa tu kwa heshima. Kakasirika. Daktari wa mifugo atoe bahasha?

Basi akaanza kuuliza njiani nani ana ng'ombe bora bondeni humu. Wanawake wanaochuma chai wakanyoosha mikono yote upande mmoja. Mmoja wao, Vénantie, mdomo mwepesi, akasema, "Kwa muzee Mugabo, kule mulimani. Iko na ng'ombe muzuri kushinda wote." Kisha akanikazia macho. "Lakini wewe mbona unafanana naye?"

Nikasema mimi ni mtu wa Kigali.

Nimemkana ndugu yangu mbele ya vikapu vya chai.

Nikasema barabara ya huko imebomoka. Vénantie akasema ilitengenezwa. Nikabaki nyuma, nikafungua kidogo pua ya tairi. Pssss. Pancha! Turudi! Yves akafurahi kama mtu aliyepewa zawadi, akatoa vifaa, dakika nne, amemaliza. Hakuona tundu. Ajabu, akasema. Mlima unaofuata nikaitoa tena pumzi. Safari hii Odile kajaza kwa pampu ndogo huku anaimba.

Mwisho nikashika tumbo. Hilo halina pampu. Nikawaambia watangulie, nawasubiri mtoni. Nikakaa kwenye jiwe, maji yanapita, hakuna mtoto, hakuna kengele. Ule ukimya wao nikaupata peke yangu, na sikuupenda hata kidogo. Juu kule naliona paa lake. Moshi unatoka, mke wake anapika. Pale ningekuwa nimekaa nakunywa maziwa na kutukanwa kidogo. Ningefurahi hata kutukanwa.

Saa mbili na nusu baadaye wakarudi, midomo myeupe kwa maziwa. Wamepata! Mtamba mwekundu. Mwenyewe mzee mrefu, mpole, Kifaransa kidogo cha Masisi. Hakutaka kumtoa mpaka ajue anakwenda kwa nani. Wakamwambia, kwa wazazi wa binti anayeitwa Keza, Rugerero. Yves anasema mzee alitazama chini, akauliza jambo moja tu: hao watu wanajua kuchunga ng'ombe?

"Tukamjibu, wanajua sana," akasema Odile.

Atamleta mwenyewe Jumamosi. Na msemaji wao wa sherehe wamempata pia, lakini hiyo ni siri, Odile kanikonyeza. Ni katekista tu, nani mwingine.

Sikula. Wameamini kweli ni tumbo.

Alhamisi, 17 Julai

Kurudi ni mteremko. Nimeachia breki. Upepo umeingia ndani ya koti, chai kijani kushoto na kulia, na mimi nikapiga kelele — yoooo! — kama kijana. Mchungaji wa mbuzi kanipungia. Kwa dakika kumi sikuwa na umri wala pensheni wala kaka.

Yves alikuwa akinifuata. Chini akanipa mkono. Nimeanza kumpenda mtu huyu, na hilo linanitia aibu zaidi.

Namkumbuka Mugabo. Nimeandika. Basi.

Ijumaa, 18 Julai

Keza amefika! Amekonda. Bastien ni mrefu, ananiita "papa", anabeba viti bila kuambiwa.

Nimemweleza Béata yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mchele. Akasema: ulitoa tairi pumzi mara mbili badala ya kutoa neno moja? Akasema mficha uchi hazai. Tangu hapo hasemi nami. Anawatuma watoto wa jirani waniambie nisogee.

Mugabo atakuja, ataniachia kamba mkononi mbele ya watu, atageuka aende. Ndivyo ningefanya mimi.

Jumamosi, 19 Julai

Saa tano na nusu. Chumbani. Mlango nimeufunga. Nimewaambia nafuata miwani.

Niandike haraka. Wakwe wameingia — kwa baiskeli! Suti, tai, vumbi, Bastien amepanda ile yangu. Shangwe upande wa ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka Goma, wamesimama wote na simu zao. Nyuma ya baiskeli mtamba. Nyuma ya mtamba Mugabo, suti ya kijivu, fimbo mkononi. Amezeeka. Miaka miwili tu na amezeeka hivyo!

Nikasubiri anipe kamba. Hakunipa. Kamfunga mtamba kwenye mparachichi, akapita mbele yangu, akaenda kukaa upande wa wakwe. Kwenye kiti cha msemaji! Katekista alikuwa safu ya nyuma, anakula karanga.

Ukoo wote uligeuka kunitazama. Nusu yao walikuwepo siku ya mishikaki.

Akasimama. Akasema kwa Kiswahili, ili wa Goma wasikie. "Hawa watu wametoka mbali na kinga, hizi baiskeli zao. Walifika kwangu na kiu, nikaona wako na roho muzuri, nikakubali kuwasemea. Tunaomba mutoto." Watu wakapiga makofi. Hakukaa. Akaendelea, pole pole, ananitazama mimi, si Nkusi. "Na mutu hawezi kuomba mutoto akiwa na neno ku moyo. Kama upande wetu kuna kosa, mutusamehe."

Upande wao! Najua ni desturi, kila mwombaji husema hivyo. Lakini yeye ndiye aliyekosewa, na yeye ndiye anayeomba radhi, mbele ya watu mia mbili, kwa sababu tu amekaa kiti kile. Na alikichagua mwenyewe.

Nkusi alisimama kujibu. Akaikunja hotuba, akanipa bila kuisoma. Mara ya kwanza maishani mwake. Akasema hii si saizi yake, ajibu baba mwenyewe.

Desturi inataka nikatae kwanza. Nijivune, niseme binti hatumtoi, mmekosea nyumba, rudini. Watu wacheke, waombe tena, ndipo nilegee. Hotuba ya Nkusi ya kukataa ninayo mfukoni, kurasa mbili, nzuri sana. Niliposimama kuisoma nilimwona kaka yangu ameshika fimbo kwa mikono miwili, anasubiri nimkatae. Hata kwa mchezo sikuweza. Ndipo nikasema miwani.

Miwani iko usoni. Yves aliiona.

Kama sikatai, ni lazima niseme lingine, lile la kumwomba radhi. Nimelitafuta miaka miwili na silioni hapa chumbani.

Béata anagonga. Leo amenisemesha! Anasema, "Baba Keza, bado amesimama. Tumemupa kiti, anakatala. Anasema mwombaji hakai mpaka ajibiwe." Jua limemfika kichwani, na turubai ya upande ule haitoshi.

Nimemjibu nakuja, nafunga viatu. Viatu nimeshavifunga.