Nilimulipa Osée Aninyongee Baiskeli

Mama Félicité, mushauri wetu mupendwa, nisaidie, na mbele ya yote naomba usitaje jina langu kwenye redio, juu mimi ni mutu wa heshima hapa Makiso, niko na chumba changu cha kushona nguo karibu na soko miaka ishirini na sita, kanzu za imamu ni mimi nazishona, na watu wakijua habari hii sitajua nitauweka wapi uso wangu. Donc uniite tu Papa Nadia, na majina mengine yote nimeyabadilisha.

Mwaka jana dokta aliniambia niko na ugonjwa wa sukari. Akasema, papa, wewe unakaa mbele ya cherehani tangu asubuhi mpaka jioni, asubuhi toleka inakuleta, jioni toleka inakurudisha, mwili wako hauna kazi, anza kutembea ao utafute sport. Alisema kweli, mama. Mimi ni abonné wa toleka, zile baiskeli za kubeba watu, tangu zamani. Yule anayenibeba kwenye baiskeli yake anaitwa Osée, mutu wa Yanonge kule ngambo ya mto, baba ya watoto watano, saa moja kamili iko mulangoni, mimi nakaa nyuma kwenye muto, ananipeleka, jioni ananirudisha, mwisho wa mwezi namulipa. Kwetu Kisangani abonné ni yule anayelipa kwa mwezi na kukaa nyuma, kila mutu anajua hivyo.

Bon. Binti yangu Nadia iko Ulaya, kazi yake ni kuosha wazee kwenye nyumba ya wazee. Nilipomuambia habari ya sukari alilia kwenye simu, kisha wiki moja ikapita akapiga tena, "Papa, usiogope, nimekufanyia abonnement ya vélo." Mama, nilifurahi! Nikajua hiyo vélo ni baiskeli ya Osée, mutoto amemulipa mwaka muzima, nikamuambia Osée mwenyewe, akamushukuru Mungu kwa sauti pale barabarani. Kumbe! Miezi mitatu baadaye caisse, sanduku kubwa kabisa, ikafika na bateau ya mto kutoka Kinshasa, tukaifungua kwenye salon pale pa wageni, ndani iko baiskeli haina magurudumu, mbele iko écran kama ya televisheni, na hiyo abonnement ni ya dada mumoja ndani ya écran anayekupigia kelele ukaze mwendo, "allez, allez", euro arobaini kila mwezi Nadia anakatwa kule. Osée aliizunguka mara mbili, akaniuliza, "Papa, na mutu wa nyuma anakaa wapi?"

Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Dakika nne tu, moyo ukanipiga kama mutu anayegonga mulango kwa ngumi, nikashuka. Tena nilikuwa na kaptula, muke wangu Rachida ananiangalia, nikaona haya, juu nikisema kweli, kwetu kunyonga baiskeli ni kazi ya wale wanaovuka kutoka ngambo ya mto kutafuta maisha, babu zangu walikuwa wachuuzi, hakuna hata mumoja aliyenyonga. Siku ya pili courant haikuwepo, taa zote zimezima, nikafurahi. Siku ya tatu Nadia akapiga, "Papa, naona sifuri hapa, kuna nini?" Ndipo nikajua ile machine inamuambia kila kitu kule aliko, kilometa, dakika, hata moyo unavyopiga, juu kuna mukanda wa kufunga kifuani.

Hapo shetani akanipitia. Kesho yake Osée alipokuja kunichukua nikamuambia, Osée, ingia, leo kuna course, safari ya ndani. Nikamufunga mukanda, akapanda, akauliza, "Tunaenda wapi, papa?" Nikasema hatuendi, wewe nyonga tu. Akanyonga nusu saa muzima, na yule dada akisema allez, Osée anamujibu, "Mama, mimi tangu saa kumi na moja niko naenda, wewe umeamuka saa ngapi?" Nilicheka mpaka machozi. Kisha akanibeba kazini. Donc nilikuwa na abonnement mbili, na kwa zote mbili nilikaa nyuma.

Miezi saba tulifanya hivyo. Nadia anaandika, Papa, kilometa kumi na tano leo! Papa, nimeonyesha wenzangu kazini, infirmière mumoja, muuguzi wetu, amesema huu ni moyo wa mutu wa miaka thelathini! Na mimi namujibu, alhamdulillahi mwanangu, najikaza. Najikaza, mama! Nimekaa kwenye fotei, chai mukononi, mikate ya moto kwenye sahani, Osée anatoka jasho mbele yangu.

Nikarudi kwa dokta, sukari imepanda. Akauliza, papa, sport unafanya? Nikamuonyesha simu na kilometa zote zile alizoniandikia Nadia. Akatikisa kichwa, akasema, kama kwa sport yote hii sukari inapanda bado, basi lazima tuongeze dawa. Akaongeza. Mimi nikanyamaza. Wiki ya pili, asubuhi, sijala kitu, nikiwa namupima mama mumoja mabega, macho yakaingia giza, nikaanguka na mètre ya kupimia shingoni. Walimuita Osée, ndiye alinipeleka hospitali. Alinikalisha nyuma kama kila siku, lakini sikuweza kujishika, kwa hiyo yule mama alivua kitenge chake cha juu wakanifunga nacho kwenye mugongo wa Osée, akanyonga hivyo mpaka kwenye mulango wa hospitali, shavu yangu kwenye jasho yake.

Kule walisema dawa niliyoongezewa imeshusha sukari kupita kiasi, na Rachida akamuambia Osée sababu yote, na kilometa nilizomuonyesha dokta. Kesho yake Osée alikuja nyumbani akasimama karibu na mulango, hakutaka kukaa. Akasema, "Papa, mimi nilifikiri nakusaidia. Kumbe kila siku nikinyonga, wewe unaumwa. Sitapanda tena ile kitu, hata unipe nini." Akaweka pesa ya mwezi ule juu ya meza akaenda, na asubuhi haji tena. Rachida akaniangalia akasema, "Papa Nadia, na siku ya kufa, utamulipa mutu akufie?"

Tangu siku ile écran inaandika sifuri. Nadia anauliza, nimemudanganya kwamba ni réseau ya simu inakatika. Sasa jambo lenyewe ni hili, mama. Abonnement inaisha Ijumaa. Nadia alikuwa ameweka pesa ya ticket aje kuniona Idi hii, miaka sita hatujaonana uso kwa uso. Lakini juu ya zile kilometa ameniambia, "Papa, kwa kuwa uko na nguvu hivi, safari nitaisogeza mwaka ujao, pesa ya ticket nilipe abonnement ya mwaka muzima, wanapunguza bei. Niambie tu, inakufaa? Isiwe natupa pesa bure." Mutoto hajui anauliza nini. Nikisema ndiyo, nimenunua uongo wa mwaka mwingine, na yeye sitamuona, na kwa mwili huu sijui mwaka ujao utanikuta. Nikisema hapana, atauliza kwa nini. Nimewaza nimuambie courant imeunguza machine, uongo ufe wenyewe bila mutu kuumia, pesa ibaki, na yeye aje. Rachida anasema huo ni uongo juu ya uongo. Najuta, mama. Nilimulea mimi mwenyewe yule mutoto kusema kweli, siku moja alivunja sindano ya cherehani akaificha, nikamuchapa, na nilimuambia sikuchapi kwa sindano, nakuchapa kwa kuficha. Alikuwa na miaka tisa.

Nimuambie alipe ao asilipe? Na nikisema asilipe, niseme sababu gani?

Papa Nadia, Makiso

*

Papa Nadia,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka fundi wetu wa sauti akafungua mulango kuniangalia. Mara ya pili sikucheka. Pole kwa kuanguka, pole kweli, na shukuru Mungu uko hai wa kuandika. Sasa sikiliza, maana pole imekwisha.

Unaniuliza kama abonnement hii ina faida. Wewe utajuaje, papa? Umeipanda dakika nne! Mwenye haki ya kujibu ni Osée, na yeye alishajibu, aliacha pesa mezani. Siisemi vibaya ile machine, wako watu inawafaa, wale wenye courant ya kuaminika na wanaopanda wenyewe. Wewe ni fundi wa nguo, nikuambie kwa lugha ya kazi yako: umeshonewa suti, kila asubuhi unamuita mutu aivae, unakaa unamuangalia. Isilipwe. Hata mwezi mumoja usilipwe. Haya, nimejibu swali ulilouliza, na ulilijua jibu lake kabla ya kununua bahasha.

Neno abonnement lilikuchanganya, sawa, hata mimi ningefikiri ni toleka. Lakini caisse ilipofunguliwa ukaona hakuna pa kukaa mutu wa nyuma, ungetambua kwamba safari hii mutoto anataka wewe ndiye unyonge. Ulitambua. Hukutaka, juu kwako wewe jasho ni ya watu wa ngambo. Ebu ngoja hapo. Mimi ni mutoto wa Isangi, kule kule ngambo, baba yangu alipiga kasia maisha yake yote, na mukono wake ndio uliolipa shule iliyoniweka mimi kwenye hii redio unayoisikiliza. Osée ni baba wa watu. Ulimuingiza kwenye salon yako miezi saba, na ninaapa hata kikombe cha chai hukumupa, maana ungeandika. Acha hiyo tabia, papa. Nakuambia kama dada yako, na kama ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Na dokta! Hapo nilikasirika kabisa. Ulimuonyesha kilometa za mutu mwingine, naye akaandika dawa kwa kuzifuata hizo. Wewe unasema ulinyamaza. Mutu haanguki hivi hivi tu, papa. Kunyamaza kwako kulikuwa ndani ya kile kidonge.

Hiyo ya courant kuunguza machine, hapana. Mama Rachida ana akili kuliko sisi wote, umusikilize. Njia ya mwongo ni fupi. Halafu fikiri kidogo: ukimuambia imeungua, Nadia atafanya nini? Atatuma nyingine! Mutoto anayeosha wazee wa watu ili baba yake aishi, unafikiri atakuacha bila machine? Utamuita nani tena aje kunyonga?

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua chumba chako cha kushona, nenda kwa dokta pamoja na Mama Rachida, umuambie zile kilometa zilikuwa za nani. Dawa usipunguze wala usiache kwa kichwa chako, yeye ndiye ataamua. Vua viatu akuangalie na miguu, wenye sukari wengi wanaificha miguu yao. Muulize unaweza kutembea kiasi gani. Kutoka sokoni mpaka nyumba zenu za Makiso si mbali, nimeuliza, ni robo saa, watoto wa shule wanatembea mara tatu ya hapo.

Kutoka kwa dokta, nenda kwa Osée. Wewe uende, usimutume mutu. Pesa aliyoiacha ni yake, ilitoka kwenye mapaja yake, umurudishie. Umuombe radhi mbele ya muke wake, usimuite pembeni. Umuombe aendelee kukubeba asubuhi kama atapenda, jioni urudi kwa miguu, na malipo ya mwezi usiyakate hata faranga moja. Mutu aliyekubeba mugongoni kwake unamutafutia wapi punguzo?

Machine usiiuze, usimupe mutu, mpaka Nadia aseme. Ni kazi ya mikono yake ile. Dokta akikuruhusu, ipande dakika tano, kesho yake sita. Pedali zinazunguka bila courant, bila écran, na bila yule dada wa allez. Nadia hatakatwa euro hata moja kwa hizo dakika tano. Ukizivumilia mwezi muzima ndipo mutazungumza naye habari ya abonnement, kabla ya hapo ni kutupa pesa mtoni.

Linabaki lile unaloliogopa. Usingoje Ijumaa. Leo hii, barua hii ikisomwa, mutoto akitoka kazini, mupigie. Usimuandikie, usimutumie sauti, maana utafuta na kurekodi mara kumi na utatafuta maneno mazuri. Mupigie musikie wote wawili. Habari ya ticket usiitaje kabisa, kuja ao kutokuja ni lake, na ukilichanganya na maungamo ataona unafanya biashara. Usianze na Osée, usianze na dokta, usianze na courant. Sema: "Nadia, zile kilometa si zangu. Niko mugonjwa, na naogopa." Hilo la kuogopa hukuniandikia mahali popote kwenye barua yako, nimelisoma hivyo hivyo. Halafu unyamaze. Atalia, papa, na huenda atakusemea maneno makali. Usijitetee. Simu usikate, mungoje mpaka aseme "Papa".