Macho Niliyoyafumba Kila Jumamosi

Baba Mwenda mpenzi,

Daktari wa Embu ameniambia kwa upole kwamba moyo wangu umechoka. Nimemwambia asisikitike, umefanya kazi yake. Kwa hiyo tutaonana karibuni, ila sitaki kufika huko nikianza kukueleza mlangoni jambo nililokuficha tangu ujana wetu. Nakuandikia kwanza, wakati kalamu bado inanitii.

Unaikumbuka studio yako pale Manyatta, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, na lile pazia ulilochora maporomoko yasiyofanana na mto wowote wa Embu. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nimekuja kupigwa picha ya kumtumia shangazi yangu. Wewe ulikuwa kijana mgeni kutoka Ruiri, mwenye Kiembu cha kuchekesha. Uliniinua kidevu kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Jumamosi iliyofuata nilipokuja kuichukua, ulinionyesha kwa aibu.

"Mwalimu, umefumba macho. Keti tena, hii sikutozi."

Mara hiyo ya kwanza nilipepesa kweli. Zilizofuata, Baba Mwenda, nilifumba makusudi. Ulikuwa na tabia ya kuzuia pumzi kabla ya kubonyeza. Pumzi ikikatika nilijua ni sasa, nikafumba. Kisha nilirudi nyumbani na furaha ya mwizi, kwa sababu filamu ilikuwa lazima isafishwe, na kusafishwa kwake kulichukua wiki, na mwisho wa wiki ulikuwepo wewe.

Mama yangu alichoka kusubiri. "Hiyo picha inapigwa au inachongwa?"

"Mpiga picha bado anajifunza, mama."

"Basi akimaliza kujifunza atuletee mbuzi."

Siku moja tu sikufumba. Nilikuwa nimepata uhamisho wa kwenda kufundisha mbali, kule Kianjai, na faili yangu ilihitaji picha. Nilivaa mkufu wa dada yangu, nikakodoa macho kama bundi. Jumamosi iliyofuata hukunionyesha chochote, ulitikisa kichwa tu. "Umefumba tena, mwalimu." Nilishangaa, lakini kwa historia yangu ningebisha vipi? Faili ilienda Kianjai bila picha. Ukaniuliza kama huko kuna mpiga picha. Nikasema sijui.

"Basi nitakuja kuangalia," ukasema. Ukaja, ukaja tena, na mwishowe mama akapata mbuzi wake.

Picha zile ulizibandika zote kwenye albamu. Wageni wakicheka, ulikuwa unainua kidole chako cha kubonyezea. "Laumuni hiki. Kwa mwalimu kilichelewa kila mara." Kendi, binti wa Mwenda wetu, akiwa mdogo alikishika kidole hicho akakipulizia, akidhani kinauma. Mimi nilikuwa kando napepeta maharagwe, nikazidi kupepeta. Tangu siku hiyo ujanja wangu ulianza kunichoma. Ulikuwa fundi hodari, na ulitutoka ukiamini kidole chako kilikuwa kizito.

Sasa sikia. Kendi amekuwa mhandisi. Yeye na wenzake wamebuni kitu kinachokaa ndani ya kamera na kuipima picha papo hapo, kabla hujabonyeza: mwanga, mkono unaotetemeka, macho. Picha ikifaa inawaka nukta ya kijani. Isipofaa ni nyekundu, na kasoro inaandikwa pale pale. Hakuna kusafisha, hakuna kungoja wiki. Wamepewa hataza, yaani cheti kwamba wazo hilo ni lao na hakuna wa kulitumia bila ruhusa yao. Nilipomuuliza alilitoa wapi, alikutaja wewe babu yake: "Kwa guka. Nilitaka kidole chake kisichelewe tena."

Nikainamia chai yangu. Hataza nzima, na chini yake kumekaa msichana anayejifanya hawezi kufumbua macho. Nikawaza pia kwamba kamera kama hiyo ingekuwepo Manyatta siku zile, Mwenda asingezaliwa.

Juzi Kendi alikuja na lile sanduku lako la filamu. Alikuwa ameiweka mashine yake kwenye mtihani kwa kuipitishia picha zako za zamani. Nikaona nisife na siri hii, nikamweleza yote. Alicheka akakaa chini sakafuni. Kisha akanikazia macho mimi bibi yake.

"Cucu, ulifumba zote?"

"Zote, isipokuwa ile ya Kianjai. Na hiyo nayo inaonekana nilipepesa."

"Zako zote zilitoka nyekundu, cucu. Isipokuwa moja."

Akaniwekea skrini mbele. Mkufu wa dada yangu. Macho kama ya bundi, yamefunguka yote mawili, na kando yake nukta ya kijani.

Baba Mwenda. Ulikuwa na picha ile, nzuri kuliko zote ulizonipiga, ukanitazama usoni ukaniambia nimefumba. Wewe, mzee wa kanisa. Ukaifungia sandukuni miaka yote ya ndoa yetu, ukakisingizia kidole mbele ya wageni, huku mimi nikikuonea huruma jikoni. Sijui kama na ujanja wangu uliujua. Nimecheka mpaka Kendi akaniletea maji. Nilidhani nakuja kuomba msamaha, kumbe nakuja kudai maelezo.

Kendi alitaka kunipiga picha nikiwa nimeishika ile skrini. Nukta ikawaka nyekundu, maana nilikuwa nikicheka hadi macho yamefumba. Akajaribu tena, nyekundu.

"Cucu, macho. Mara moja tu, tafadhali."

"Leo nimechoka," nikamwambia. "Rudi Jumamosi."

Akajifanya anaangalia kamera yake, lakini niliona anavyotabasamu. Amesema atakuja.

Nawe weka kiti mbele ya pazia lako la maporomoko. Safari hii sitafumba.

Mkeo,
Mama Mwenda